Samaki Niliyempelekea Mtu wa Madeni

Jumatano, Julai 1977. Joto, na upepo wa ziwa haujaamka bado.

Akinyi amelala sasa hivi juu ya pedeli ya cherehani. Alikuwa akiisukuma kwa mikono miwili, gurudumu linazunguka, anacheka peke yake. Halafu kicheko kikakatika, akaweka shavu juu ya chuma, nikajua amekwisha. Nimemwacha hapo. Nikimwinua ataamka, na akiamka sitaandika kitu. Chuma ni baridi, pengine ndiyo sababu amepapenda.

Hata mimi ningelala hapo kama ningetoshea.

Nimechoka. Si uchovu wa kazi, maana kazi yenyewe leo sijaigusa. Ni kama ule wa kutoka matangani, wakati mtu hakubeba chochote lakini mabega yanauma.

Leo nimekwenda kwa mtu wa madeni.

Wacha niandike vizuri, kwa sababu mtu huyu nimemwogopa kabla ya kumwona. Jumapili moja mchungaji alisimama ibada ilipokwisha, akasema kanisa limepata bwana wa kuketi na watu wenye madeni. Anajua kazi hiyo, ameifanya miaka mingi kwenye vyama vya ushirika, na atakuwa akija kila Jumatano katika chumba cha nyuma ambamo kwaya wanaweka ngoma zao. Akasema mtu yeyote asione haya. Aliposema hivyo wote tukatazama chini. Mimi nikamfunga Akinyi mgongoni upya, ingawa alikuwa amefungwa sawasawa.

Deni letu kubwa ni cherehani hii. Tuliichukua dukani kwa malipo ya kila mwezi, wakati Baba Akinyi alipokuwa anabeba mizigo gatini na meli zinaingia bila kukatika. Aliniambia, "Wewe una mikono, mimi nina mgongo. Tutashindwa na nini?" Tumeshindwa na meli. Tangu zisimame za Mwanza na za Uganda, gatini watu wanaketi tu wakicheza drafti, naye amekwenda Muhoroni kukata miwa. Anatuma anachopata. Ni mtu mzuri, sitaki mtu asome hapa akafikiri vingine.

Miezi mitatu hatujapeleka kitu dukani. Wiki iliyopita wakatuma kijana na maneno: Jumamosi hii wanakuja na mkokoteni. Wakiichukua, hata pesa tulizokwisha kulipa zimekwenda nayo. Ndivyo karatasi inavyosema, na sahihi tulitia wenyewe, tukicheka.

Bila cherehani mimi sina kitu mjini hapa. Nashona sare za shule, nageuza kola za mashati, nafupisha nguo za watoto wakubwa ziwatoshe wadogo wao. Akinyi anakula kutoka kwenye sindano hiyo.

Mama Nekesa, mwenye nyumba yetu, alikuwa na dawa yake. Ana dada huko Kombewa. "Tuifunge kwa blanketi usiku," akasema, "ipande lori la mahindi, ikakae kwa dada yangu. Wakija, cherehani gani? Hapa kuna mwanamke na mtoto na masufuria." Nililifikiria jambo hilo. Nililifikiria sana, naandika ukweli. Kilichonizuia si uzuri wa moyo, ni kwamba cherehani ikikaa Kombewa nami nikae hapa Obunga nitashona na nini?

Ndiyo nikaamua kwenda kwa huyu bwana.

Sasa, kwetu huendi kwa mtu kuomba msaada mikono ikiwa mitupu. Hata ukiwa huna kitu unabeba kitu. Mama yangu hajawahi kuvuka kizingiti cha mtu mkubwa bila kuku au mayai au hata kibuyu cha uji, na mimi ni binti yake. Kwa hiyo asubuhi nikapita sokoni kwa Mama Obala, anayeuza samaki, tunayeitana nyieka kwa mzaha kama wake wa bwana mmoja. Nikamwambia nipe ngege mzuri, naenda kwa mkubwa. Akanichagulia mmoja mnene, jicho bado safi, akamfunga kwa gazeti.

"Pesa lini, nyieka?"

"Jumamosi."

Nikasema hivyo kana kwamba Jumamosi yangu haijajaa watu.

Chumba cha ngoma ni kidogo na kinanuka ngozi. Nilidhani nitamkuta mtu wa kofia na bakora, mtu wa kuuliza maswali kama polisi. Mama Nekesa yeye alidhani ni mtu wa kugawa pesa, aliniambia niwahi kwa sababu pesa za kanisa huisha kabla ya saa nne. Sote wawili tulikosea. Nikamkuta mwanamume mwembamba mwenye mafua, kikombe cha chai ya rangi mbele yake, kitambaa kimelowa mkononi. Jina lake Bwana Makokha. Akasimama nilipoingia. Mtu mzima akanisimamia mimi.

"Karibu Mama. Keti. Huyu mtoto anaitwa nani?"

Hilo ndilo swali lake la kwanza. Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali yote isipokuwa hilo, nikababaika kama nimesahau jina la mtoto wangu.

Nikaweka samaki juu ya meza. Gazeti lilikuwa limeanza kulowa.

"Na huyu naye?"

"Ni ngege tu, Bwana. Kidogo tu, ya mboga ya jioni."

"Umemvua wewe?"

"Hapana, Bwana."

"Umemnunua?"

Akinyi alikuwa ameshapata ngoma ya kwanza na anaipiga kwa kiganja.

"Nimemchukua," nikasema.

Akafuta pua polepole. Akachukua kalamu, akaandika, akanigeuzia karatasi niione. Juu kabisa, kabla ya cherehani, kabla ya kodi ya nyumba, alikuwa ameandika: Ngege mmoja.

Nilitaka ardhi ya chumba kile ipasuke. Lakini hakuwa ananicheka, au kama alicheka, mafua yalikificha kicheko. Akasema yeye analipwa mshahara, na kwamba akimla samaki huyo, mama anayekuja baada yangu atasikia naye atachukua wake, na yule wa baada yake, mpaka wanawake wote wa Obunga wawe na deni la samaki kwa sababu ya kutafuta kutoka kwenye deni.

"Tukimaliza umrudishe," akasema. "Kabla jua halijapanda."

Kurudisha zawadi. Sijui kama anajua alichokuwa ananiomba. Kwetu chakula kilichoingia nyumba ya mtu hakitoki tena kwa mlango uleule. Lakini pengine chumba cha ngoma si nyumba ya mtu.

Halafu tukaanza. Mtu akiniuliza kesho huko kunafanyika nini, nitamwambia: huko unaulizwa vitu vidogo, kimoja kimoja, na hakuna anayeshtuka. Mimi nilitegemea ashtuke. Nilimtajia duka la unga na sukari, kodi ya Mama Nekesa, uzi na vifungo vya sare, na kila mara nikitaja nilingoja apige ulimi. Aliandika tu. Alipiga chafya, akaomba radhi, akaandika.

Akauliza kama kuna ahadi. Nikasema ahadi si deni. Baba Akinyi alisimama kwenye matanga ya ami yake akaahidi pesa za dume la ng'ombe mbele ya watu, lakini hayo ni mambo ya nyumbani.

"Wanaingoja?"

"Wanaingoja, Bwana."

"Basi tuiandike. Lakini tuiweke chini kabisa. Marehemu hana haraka."

Nikacheka. Sikujua kama nina kicheko ndani. Kwa kicheko hicho nikamwambia pia kwamba baba yangu kule Seme bado anangoja ng'ombe wa mahari kutoka kwa Baba Akinyi, na kila Krismasi anauliza kama ng'ombe huyo anakuja kwa miguu kutoka Sudani. Bwana Makokha akaweka kalamu chini.

"Huyo ng'ombe simwandiki. Huyo ni wa wazee. Mimi nitafukuzwa kazi."

Halafu akauliza swali ambalo ndilo limenichosha hivi. Mwezi uliopita, pesa ilipoingia, nilimlipa nani?

Nilimlipa Mama Risper wa vitambaa. Nilimmalizia zote. Nilisema hivyo kwa sauti ya mtu anayesubiri kusifiwa.

"Kwa nini yeye?"

Nikamweleza. Mama Risper ni binti wa kwao mama yangu, ukoo mmoja, kwa hiyo kwangu ni kama mama mdogo. Jumapili moja mlangoni pa kanisa aliangalia gauni langu mbele ya wanawake wote akasema, "Siku hizi watu wanapendeza. Sisi tunaouza vitambaa ndio tunavaa viraka." Nilishindwa kula siku hiyo. Pesa ya Muhoroni ilipofika sikuilaza hata usiku mmoja, nikaipeleka kwake yote, nikarudi nyumbani nikijiona nina jina tena.

Bwana Makokha akauliza, Mama Risper angeweza kuja nyumbani kwangu kuchukua nini?

Nikafikiri. Hakuna. Angeweza kusema tu.

"Na wa cherehani?"

Nikaiona Jumamosi na mkokoteni wake mlangoni.

Akaniambia kwamba karibu kila mtu anayeketi kwenye kiti kile anafanya vivyo hivyo. Tunamlipa mwenye mdomo, tunamwacha mwenye mkokoteni, kwa sababu mwenye mkokoteni hatuhusiani naye na hatuoni haya mbele yake. Akasema kuna anayeweza kukuchukulia kitu na kuna anayeweza kukuchukulia usingizi, na kwanza unamlipa yule wa kitu. Usingizi utarudi.

Sikulia. Lakini nilimwangalia Akinyi akipiga ngoma mpaka macho yakakauka.

(Nimesimama kidogo. Nimemhamishia kitandani, hakuamka. Ana alama ya chuma shavuni.)

Halafu mambo ya kila wiki. Aliuliza kinachoingia na kinachotoka. Nilitaja mafuta ya taa, unga, uzi, maji, makaa. Akaandika, akasoma, akatazama chini kwenye ngoma.

"Huyu anakunywa maziwa?"

"Anakunywa."

"Mbona hayamo?"

Sikuwa nimeyataja. Nilifikiri ukikaa mbele ya mtu wa madeni unaonyesha jinsi unavyoweza kujibana, na nilikuwa nimejibana mpaka mtoto akatoka nje ya hesabu. Yeye akayaandika maziwa juu, kabla ya unga. Akasema mpango usio na maziwa utavunjika siku ya tatu, kwa sababu mama atayanunua tu, halafu ataona haya, halafu hatarudi tena hapa. Akasema ameshaona akina mama wengi ambao hawakurudi.

Alipouliza naweza kulipa shilingi ngapi dukani kila wiki, nikasema thelathini. Nilisema haraka, kwa heshima, jinsi mtu anavyosema kwenye harambee.

"Thelathini itatoka wapi?"

"Mungu atasaidia, Bwana."

"Mungu tumwachie nafasi, lakini tusimwandike." Akahesabu, akahesabu tena, akafika kumi. Kumi tu. Niliona aibu kwa ajili ya hiyo kumi. Akasema ukiahidi thelathini ukaleta ishirini wewe ni mwongo, na ukiahidi kumi ukaleta kumi, wiki kwa wiki, wewe ni mtu. Ishirini ni nyingi kuliko kumi, nikamwambia. Akasema ndiyo, lakini mwenye duka hatakumbuka ishirini, atakumbuka thelathini.

Kuna jambo moja lililonivunja moyo na sitalificha. Nilikuwa bado, mahali fulani ndani, natumaini atasema lipo jambo la kufanya, karatasi ya kugonga mhuri, na deni limekwisha. Hakuna. Yeye hafuti deni. Hana pesa za kunipa. Hata dukani, tutakwenda naye Ijumaa asubuhi, lakini atakaa kando tu. Kusema nitasema mimi. Nilimsihi aseme yeye, Kiingereza changu ni cha darasa la nne na Kiswahili changu kinatetemeka. Akakataa kwa upole. Akasema akisema yeye, mwenye duka atamkumbuka yeye, na Jumamosi zinazokuja si yeye atakayepeleka kumi.

Nilipokuwa nasimama aliuliza, bila kunitazama, kama cherehani bado iko nyumbani. Nikasema iko. Akasema wengi huwaza kuificha. Ukiificha, tangu siku hiyo hakuna mtu wa duka atakayeketi nawe tena, na hata yeye hataweza kukusaidia. Nikahisi kama blanketi la Mama Nekesa liko mabegani mwangu.

Nikamchukua samaki wangu nikaondoka.

Mama Obala aliponiona na gazeti lilelile akaweka kisu chini.

"Amekataa ngege wangu? Ana kasoro gani?"

"Hana kasoro, nyieka. Mwenye kasoro ni mimi."

"Huyo ni Mluhya?"

"Ni Mluhya."

"Basi ndiyo maana. Ungempelekea kuku, ndicho wanachokipenda." Wanawake wa meza ya pili wakacheka. Akafungua gazeti, akainua shavu la samaki akaangalia rangi, akamgeuza. "Jicho limeanza kulala. Nitamuuza, lakini kwa hasara ya sumuni. Hiyo sumuni ni yako."

Nikafungua fundo la leso nikampa sumuni yake palepale. Akaishika, akaniangalia kana kwamba naumwa. Hajazoea kupokea kutoka kwangu siku ya Jumatano. Nami sijazoea kusimama mbele ya mtu tukiwa sawa, hakuna anayemdai mwenzake. Ilikuwa kitu kidogo sana. Nilitembea nacho mpaka nyumbani.

Lakini kabla sijaondoka aliniita karibu, akainamisha kichwa juu ya samaki kana kwamba anapara magamba, akaniita Mama wa Akinyi kwa lugha yetu.

"Min Akinyi. Huyo bwana yuko pale kila Jumatano?"

"Kila Jumatano."

"Na hapigi mtu kelele?"

"Ana mafua tu."

Akaendelea kupara. Ana watoto sita na boti la shemeji yake lilizama mwaka jana pamoja na nyavu.

Sasa niko hapa. Nguo ya mteja iko chini ya sindano tangu jana, mkono mmoja umeshonwa, mwingine haujashonwa. Nimechoka mpaka kwenye meno. Nilidhani ukikutana na mtu wa madeni unarudi mwepesi, kumbe unarudi na uzito uleule, ila sasa unaujua una pembe ngapi. Sijui kama hiyo ni nafuu. Nafikiri ni nafuu. Jioni nitamwomba kijana wa Mama Nekesa anayekwenda Muhoroni apeleke habari kwa Baba Akinyi, asije akasikia kwa watu.

Ijumaa ndiyo inayonitisha. Mwenye duka anaweza kusema hapana. Bwana Makokha hakunificha, alisema wengine hukataa. Lakini akasema pia kwamba cherehani iliyotumika, mwenye duka akiichukua, itakaa pale dukani inakula vumbi, na yeye anajua. Afadhali kumi inayokuja.

Nitasema polepole. Naandika hapa ili ulimi uzoee: Habari ya asubuhi, Bwana. Mimi ni Mama Akinyi wa Obunga. Ile cherehani yenye miezi mitatu ni yangu na iko nyumbani, haijaenda mahali. Sikuja kuomba unisamehe. Mume wangu anakata miwa, mimi nashona, na tuna mtoto mmoja. Naweza kuleta shilingi kumi kila

Mama Nekesa ananiita dirishani, kwa sauti ya chini. Anasema kuna kijana wa dukani nje kwenye lango, ametumwa kuangalia kama cherehani bado iko. Anasema, "Nimwambie umesafiri?"

Nimemwambia hapana. Nimemwambia niko. Ijumaa imekuja leo na Bwana Makokha hayupo, kwa hiyo nitoke mwenyewe nimfungulie mlango aione, na nimwambie akamwambie mkubwa wake kwamba kila Jumamosi, kwa mkono wangu mwenyewe, nitaleta shilingi